Deni nimelipa, lakini picha yangu bado inazunguka

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Busia upande huu wa Uganda. Nauza maharagwe na mahindi karibu na mpaka, kwa debe na kwa gunia. Mume wangu ni dereva wa trela, anapeleka mizigo Juba, na huwa anamaliza wiki mbili au tatu bila kufika nyumbani. Yeye ni Mlugbara wa Arua, mimi ni Msamia, kwa hiyo lugha ya nyumba yetu tangu mwanzo ni Kiswahili.

Mwezi wa pili mdogo wangu wa kiume aligongwa na gari akiwa kwenye bodaboda, akavunjika mguu. Hospitali ilitaka pesa kabla ya kumwekea chuma. Mwaka jana mume wangu alishasema hatatoa tena hata shilingi kwa huyo kijana, maana amemsaidia mara nyingi na kila mara anaharibu. Kwa hiyo sikumwambia. Mtaji wangu wote ulikuwa umelala kwenye magunia. Mteja wangu mmoja akaniambia kuna programu ya mikopo ya simu isiyosumbua, akanitumia kwa WhatsApp, nikaiweka. Iliomba picha ya kitambulisho cha taifa, picha ya uso wangu nikiwa nimekishika, na ruhusa ya kuona namba zilizo kwenye simu. Nilikuwa nimesimama kwenye korido ya hospitali, nikakubali kila kitu.

Niliomba 400,000. Ziliingia 310,000, nyingine wakasema ni gharama. Nilitakiwa kurudisha 460,000 ndani ya siku saba. Siku ilipofika nilikuwa na 300,000, nikalipa hizo nikidhani watanivumilia. Kesho yake asubuhi watu wakaanza kunipigia.

Shangazi, walituma picha yangu nimeshika kitambulisho, na maneno chini yake: “Huyu mama ni tapeli, amekimbia na pesa za watu. Wewe ni mdhamini wake. Mwambie alipe leo.” Ilifika kwa wateja, kwa mwalimu mkuu wa watoto wangu, kwa mama mkwe kule Arua, hata kwa fundi aliyenitengenezea mlango. Mtu mmoja akaipeleka kwenye kundi la WhatsApp la wafanyabiashara wa soko. Nilikimbilia kwa dada yangu, akanipa pesa, nikamaliza deni siku ileile. Mpaka leo bado wananipigia wakisema kuna faini.

Kinachoninyima usingizi ni kikundi. Mimi ni mweka hazina wa kikundi chetu cha akiba, tuko wanawake 28, tunakutana kila Jumapili. Mwenyekiti alikuja kwangu kwa upole, akasema labda nipumzike uhazina kidogo mpaka maneno yapoe. Nikikubali watasema ilikuwa kweli. Nikikataa watasema nang’ang’ania pesa zao.

Wifi yangu ninayeishi naye ameshawaambia watu kwamba simu yangu iliingiliwa na wezi wa mtandao, mkopo si wangu. Sikumtuma aseme hivyo, lakini pia sijamkanusha. Anataka nibadilishe laini na ninyamaze. Shemeji yangu, yeye ni kijana wa TikTok, anasema nirekodi video, niitaje hiyo kampuni na nieleze uchungu wangu, watu watanihurumia na wao wataogopa. Mume wangu ananipigia kila jioni kama kawaida. Anauliza watoto, anauliza bei ya maharagwe. Sijui kama ujumbe ulimfikia. Anarudi mwisho wa mwezi.

Nifanye nini ili jina langu lirudi?

Mweka Hazina, Busia

*

Marahaba, mwanangu.

Naanza na mguu wa mdogo wako, maana barua yako yote haikusema anaendeleaje. Natumaini chuma kimeshika na anaanza kukanyaga. Wewe ndiye uliyelipia mguu huo, na nimeona hujapata hata nafasi ya kufurahi kwamba mguu umetibiwa.

Kama nimekuelewa, ulikopa pesa kwa sababu ambayo hukutaka mume wako aijue, ukachelewa siku moja, na waliokukopesha wakakutangaza kwa kila mtu aliyekuwa kwenye simu yako. Deni limekwisha, aibu imebaki. Sasa watu watatu wanaokupenda wanakuvuta pande tatu: mwenyekiti anataka upumzike, wifi anataka ujifiche, shemeji anataka usimame mbele ya dunia. Na kuna wa nne, anayeuliza bei ya maharagwe kila jioni.

Unaandika kana kwamba kila aliyepata ule ujumbe ameuamini. Una hakika? Fundi wa mlango ameambiwa ni mdhamini wako, na anajua hakuna karatasi aliyoweka sahihi. Mwalimu mkuu naye anajua hivyo. Mtu anapopokea uongo unaomhusu yeye mwenyewe, huanza kutilia shaka na maneno mengine yaliyokuja nao. Isitoshe, ujumbe wa namna hii umeshawafikia watu wengi nchini kuhusu jirani au ndugu, na wengi wameshajua ni mtindo wa kudai. Sisemi hakuna aliyeamini. Wapo, na mmojawapo ndiye aliyeupeleka kwenye kundi la soko. Nakuomba tu ujiulize ni nani hasa amebadilika kwako kwa vitendo, ameacha kununua au ameacha kukusalimu, na nani unamdhania tu.

Jambo jingine ni lile neno lako, “nikakubali kila kitu”. Nahisi umejihukumu kwa neno hilo. Sheria yetu ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 haisemi kwamba ukishabonyeza kukubali, basi mwenye programu afanye apendavyo. Taarifa zikichukuliwa kwa kazi fulani, zitumike kwa kazi hiyo. Tena wewe ulikubali kwa niaba yako. Mama mkwe na mwalimu mkuu hawakuulizwa kamwe, na namba ni zao. Hata Google, tangu tarehe 31 Mei 2023, imezikataza programu za mikopo zilizo kwenye duka lake kusoma namba na picha za mkopaji, na hairuhusu mikopo inayotakiwa kulipwa yote ndani ya siku 60 au chini ya hapo. Yako ilikuwa ya siku saba na ilisoma kila namba. Ndiyo maana ilikufikia kwa WhatsApp, kwa mlango wa nyuma.

Kwa hiyo njia ya kulalamika ipo. Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi, iliyo chini ya NITA-U, mamlaka ya taifa ya teknolojia ya habari, hupokea malalamiko ya watu ambao taarifa zao zimetumiwa vibaya. Wakopeshaji nao hupewa leseni na UMRA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya 2016 ya taasisi ndogo za fedha na wakopeshaji. Ningeanza kwa kuuliza kama kampuni yako inajulikana kwenye ofisi hizo mbili. Ikiwa ina leseni, ina kitu cha kupoteza, na barua ya mamlaka itaitikisa. Ikiwa haina, huenda ni namba za simu tu zisizo na mlango wa kugonga, na utangoja muda mrefu. Ng’ambo ya mpaka, mwaka 2023, kamishna wa data wa Kenya alimtoza mkopeshaji mmoja wa simu karibu shilingi milioni 3 za Kenya kwa kutumia namba za watu kudai madeni. Nakutajia hilo ujue malalamiko ya aina hii husikilizwa, ingawa hakuna ofisi itakayozifuta picha kwenye simu za watu wa soko.

Lakini mwanangu, ukilalamika itabidi uandike: nilikopa, nikapokea kiasi hiki, nikalipa tarehe hii. Hapo ndipo maneno ya wifi yanapokuziba. Alisema kwa mapenzi, na kwa siku mbili tatu yalikupa pumzi. Ila kwenye taarifa ya mobile money yako 310,000 zinaonekana zikiingia na malipo yanaonekana yakitoka. Huwezi kushika karatasi hiyo kwa mkono mmoja na “simu iliingiliwa” kwa mkono mwingine. Sikuambii umuaibishe wifi. Unaweza kumwita faragha, umshukuru, umwombe asiendelee. Gharama yake ni kwamba watu wawili watatu watasema mmegeuza maneno. Gharama ya kumwachia ni kwamba kila utakapotaka kujitetea kwa ushahidi, ushahidi wenyewe utamfanya yeye mwongo, na wewe utaonekana uliyemtuma.

Kuhusu laini. Ukiibadilisha, matusi ya simu yatapungua, na kwa mtu asiyelala hilo si jambo dogo. Lakini namba hiyo ndiyo wateja wa magunia wanayoijua, ndiyo yenye mobile money, ndiyo yenye WhatsApp yako. Ukiitupa, kampuni ya simu baada ya muda humpa mtu mwingine, na ujumbe wako utaanza kumfikia yeye. Wakopeshaji nao walishanakili orodha ya namba zako siku ile ya korido. Kubadilisha laini au kufuta programu hakuwanyang’anyi. Wengine huchukua laini ya pili kwa familia, ya zamani wakaiacha kwa biashara tu, wakaizima usiku. Labda hilo lingekufaa, labda lingekuongezea mzigo.

Kabla ya kufuta chochote, piga picha za skrini: mkataba, kiasi, malipo, ujumbe wao, namba wanazopigia, na hiyo “faini” wanayoidai baada ya deni kwisha. Uzitume kwa simu ya dada yako zikae huko. Kisha ingia kwenye mipangilio ya simu, uiondolee programu ruhusa, ndipo uifute. Kinachonitia wasiwasi kuliko maneno yao ni picha yenyewe, uso na kitambulisho pamoja, maana mtu mbaya anaweza kuitumia kujaribu kusajili laini au kukopa kwa jina lako. Nenda kituo cha huduma cha mtandao wako na kitambulisho mkononi, uulize ni laini gani zimesajiliwa kwa NIN yako, ile namba ya kitambulisho cha taifa. WhatsApp iwekee namba ya siri ya tarakimu sita, na picha yako ya wasifu ionekane kwa unaowajua tu. Msimamizi wa kundi la soko ana uwezo wa kufuta ujumbe wa mtu yeyote kundini. Mwombe kwa simu, wewe na yeye, badala ya kubishana mle ndani. Watakaobaki na picha ni walioihifadhi, na hao huwafikii.

Shemeji na video yake sasa. Ana nia njema, na huenda pia ana hamu ya watazamaji. Vitu hivyo viwili hukaa vizuri katika kijana mmoja. Wapo waliosaidika kwa kupaza sauti, siwezi kukataa. Lakini hesabu nani ameuona ujumbe hadi sasa: watu wa simu yako na watu wa soko. Video ikienda, itawafikia watu wa Mbale na Kampala ambao hawakuwahi kusikia kwamba kuna mama wa Busia anayeitwa tapeli. Watoto wataipata shuleni. Mguu wa mdogo wako utakuwa habari, na mume wako ataipata sababu ya mkopo kwa watu wa TikTok. Na ukiitaja kampuni kwa jina na kuiita wezi, usisahau tuna Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2011. Mahakama ya Katiba ilifuta kifungu chake cha 25 mwezi Januari 2023, kile cha mawasiliano ya kuudhi, lakini sheria yenyewe haikuondoka, na marekebisho ya 2022 yaliiongezea makosa mengine, likiwemo la kusambaza habari za hila. Mtu aliyedhulumiwa anaweza kujikuta ndiye anayeandika maelezo polisi. Ikiwa moyo wako bado unaitaka video, walau iongoje karatasi za malalamiko ziwe zimefika zinakokwenda.

Nirudi kwenye kikundi, maana hapo ndipo barua yako ilipolia.

Kama kikundi chenu kinaendeshwa kama vingi vya aina hiyo, sanduku lina kufuli tatu, funguo wanazo wanawake watatu, pesa huhesabiwa mbele ya wote, na kila mwanachama ana kitabu chake. Mweka hazina hawezi kukimbia na kitu peke yake, na wenzako wanajua. Utaratibu huo uliwekwa kwa ajili ya siku kama hizi. Umeniambia una njia mbili, kukaa au kutoka. Mimi naona swali la kwanza ni lini. Unaweza kumwomba mwenyekiti kwamba kabla ya kuzungumzia nafasi yako, sanduku lifunguliwe, lihesabiwe, vitabu vilinganishwe, na katibu aandike matokeo. Baada ya hapo, ukiamua kupumzika, utapumzika hesabu ikiwa imeandikwa. Ukipumzika kabla, atakayehesabu atahesabu bila wewe, na upungufu wowote, hata wa mtu aliyesahau kulipa hisa, utabebeshwa wewe.

Kuna hatari zake. Wengine wataona umejitangulizia. Hesabu inaweza kufichua madeni ya mwanachama mwingine, naye atakuchukia. Na utaulizwa swali moja ambalo nadhani unaliogopa kuliko yote: kwa nini hukukopa kwetu? Vikundi hukopesha wanachama, na vingi vina mfuko wa jamii wa ugonjwa na msiba. Nimejiuliza kama upole wa mwenyekiti ule haukuwa na donge ndani yake, la mtu aliyepitwa. Labda uliona vibaya mwenye daftari kuomba kwanza. Labda ulihofu habari zitafika nyumbani. Sijui. Ila ulifikirie jibu kabla ya Jumapili, kwa sababu likija ghafla utashika lolote lililo karibu, na lililo karibu ni lile la wifi.

Wakati huohuo, faragha yako haijaisha kwa sababu wengine wameivunja. Wanawake 28 wana haki ya kujua pesa zao ziko salama. Hawana haki ya kujua mume wako alisema nini mwaka jana. “Nilikopa kwa ajili ya mgonjwa, nimelipa, risiti hii hapa” ni kweli tupu, na mtu akitaka zaidi unaweza kumwambia hayo ni ya nyumbani kwangu.

Na ya nyumbani kwako. Umeandika hujui kama ujumbe ulimfikia mume wako, na mistari michache kabla ya hapo umeandika kwamba ulimfikia mama yake Arua. Mama akipata picha kama ile ya mke wa mwanawe, hukaa nayo siku ngapi? Inawezekana hajamwambia. Inawezekana alimwambia siku hiyohiyo, naye anakupigia kila jioni akikuachia nafasi uanze wewe. Au amekasirika na anangoja mkutane uso kwa uso. Kimya chake nakisoma kutoka mbali, wewe unaijua sauti yake; je, kuuliza bei ya maharagwe ni kawaida yake, au kumeanza juzi?

Kumwambia kwa simu kuna ubaya wake: yuko barabarani, kati ya mpaka wa Elegu na Juba, na dereva mwenye hasira ni hatari. Kungoja mwisho wa mwezi nako ni kuacha wengine wamsimulie kwa maneno yao, pamoja na toleo la dada yake. Wapo wanaotafuta mtu wa katikati, mjomba au rafiki yake wa gari, akatangulia kulainisha njia. Sidhani deni ndilo litakalomuuma, maana limelipwa. Litakalomuuma ni kwamba ulimpita. Hapo unaweza kuwa na la kumwambia pia: kwamba neno lake la mwaka jana lilikufanya uone mlango umefungwa, na mguu haukuweza kungoja. Kama unaogopa kitu zaidi ya maneno makali, hukukiandika, na mimi siwezi kukipima kutoka hapa. Kipime wewe kwanza, na uwe na mtu wako karibu siku hiyo, dada yako kwa mfano.

Sikupangii uanzie wapi, ila angalia kalenda. Ukizungumza na kikundi kabla ya mume, maneno yatafika Arua kabla hujampigia. Ukizungumza naye kwanza, huenda ikabidi umwombe mwenyekiti akupe Jumapili moja zaidi, na kwa upole aliokuja nao nadhani atakupa. Niandikie amesema nini, na unieleze hali ya kijana.

Shangazi yako